Kata Ipi, Mwalimu?

Nilianza kufundisha watu wazima kabla mimi mwenyewe sijawa mtu mzima. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nakaa kwa mama mdogo pale Majengo, Mpanda mjini, asubuhi namsaidia kukaanga vitumbua, mchana sina kazi ya maana. Miaka ile ya sabini vijiji vipya vilikuwa vinatafuta walimu wa kisomo, na hapakuwa na walimu wa kutosha. Kijana aliyemaliza shule na mwenye mwandiko wa kusomeka alitosha. Nikapewa semina ya majuma mawili, boksi la chaki na vitabu vya kuanzia kusoma, nikapelekwa kijiji cha Kasokola.

Darasa langu lilikuwa baraza ya ghala la mazao. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliong'olewa bawaba zake, ukapakwa unga mweusi wa betri kuukuu uliochanganywa na maji ya majani ya kisamvu. Wanafunzi walikuwa kama thelathini, wengi wao akina mama. Walifika saa tisa alasiri wakitoka shamba, jembe begani, mtoto mgongoni. Walikuwapo Wakonongo na Wabende, na familia chache za Wasukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao. Kiswahili kilikuwa cha kukutania tu. Kila mmoja alikiacha pale barazani na kurudi nyumbani kwa lugha ya mama yake. Wote walinizidi umri, na wote waliniita mwalimu. Nilipowaamkia shikamoo waliitikia marahaba, halafu wakasimama kunipa heshima, mimi nikiwa sijui niangalie wapi.

Kati yao alikuwapo mama mmoja wa miaka kama hamsini na tano, Mkonongo, fundi wa nyungo. Alikaa siku zote kwenye nguzo ya mwisho, ungo anaousuka ukiwa mapajani. Siku ya kwanza nilimwomba auweke kando asikilize somo. Aliuweka. Lakini vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vinakwenda juu na chini hewani kama vinatafuta kitu kilichoibwa. Baada ya siku tatu nilimrudishia kazi yake.

Huyu mama hakuwa anasonga mbele. Wenzake walikuwa wameshaanza kuunganisha silabi, yeye alikuwa bado. Nakumbuka siku niliyoandika ubaoni neno KATA, nikawaita mmoja mmoja wasome. Alipofika yeye alilitazama neno lile muda mrefu, akanitazama mimi, akalitazama tena, akanyamaza. Nikasema, "Kaa tu mama, utajaribu kesho." Kesho ikawa vilevile. Mwezi wa tatu wa masomo nikachukua daftari la mahudhurio, na mbele ya jina lake nikaandika kwa kalamu nyekundu: mzito. Nililiandika neno hilo bila kusita, na nimeishi nalo mpaka leo.

Ukafika msimu wa kupura mpunga. Watu walikuwa wanakuja wamechoka, makapi yamewajaa kwenye nywele, na nikigeukia ubao nilisikia nyuma yangu mtu anakoroma. Alasiri moja niliona darasa zima limelala macho wazi. Nikafunga kitabu.

"Leo hatusomi," niliwaambia. "Nawapa fumbo. Kuna mtu ana kuku na mbuzi uani kwake. Akihesabu vichwa, ni ishirini. Akihesabu miguu, ni hamsini na sita. Kuku ni wangapi na mbuzi ni wangapi?"

Fumbo hilo nilikuwa nimelipata darasa la sita, na lilinichukua siku nzima na kurasa mbili za daftari. Nilitegemea liwaamshe wagombane kidogo, kisha niwaonyeshe njia yake ubaoni. Nikageuka kuchukua chaki.

"Mbuzi wanane, kuku kumi na wawili," sauti ilisema.

Nilidhani ni yule kijana wa Kisukuma aliyekuwa mwepesi wa hesabu. Haikuwa yeye. Watu wote walikuwa wameigeukia nguzo ya mwisho. Fundi wa nyungo alikuwa ameinamia kazi yake, anapitisha kipande cha mwanzi chini ya vingine viwili.

"Mama, umelisikia wapi fumbo hili?"

"Hapa. Umelisema sasa hivi."

"Umelijibu vipi?"

Aliinua uso, akashangaa kidogo kwamba swali kama hilo linaulizwa. "Kila kichwa nimekipa miguu miwili, mwalimu. Imekwenda arobaini. Imebaki kumi na sita haina mwenyewe. Wenye kudai miguu mingine miwili miwili ni mbuzi. Basi ni wanane."

Nilisimama na chaki mkononi. Njia yangu ya kurasa mbili ilikuwa na herufi za ajabu na mistari mingi. Yake ilitosha kwenye pumzi moja. Nikampa fumbo lingine, la wanawake wanaogawana mashuke ya mahindi. Akajibu kabla sijamaliza sentensi, akasubiri kwa adabu niimalize. Nikampa la tatu, nililokuwa nimelitunga palepale na mwenyewe sijui jibu lake. Akajibu, nami nikalazimika kugeuka ukutani nihesabu kwa vidole nijue kama amepatia. Alikuwa amepatia.

Darasa lilipotawanyika nilimfuata, tukatembea pamoja mpaka njia panda.

"Mama, kichwa chako kinajua hesabu kuliko changu. Kwa nini kusoma kunakushinda? Hata neno kata?"

"Halijanishinda," alisema. "Nilikuwa nakungoja uniambie ni kata ipi."

Sikuelewa.

"Iko kata ya kuchotea maji mtungini. Iko kata ninayojiwekea kichwani nikibeba mzigo. Iko kata yenye katibu wake. Na iko ile unayomwambia mtu mwenye kisu. Wewe umeandika moja, hukusema ipi. Nikaona nikijibu yoyote nitakuwa nimekosea tatu. Nikanyamaza."

Aliniaga, akashika njia yake. Nilibaki pale njia panda mpaka mtu mwenye baiskeli akanipigia kengele nimpishe. Nilirudi nikafungua daftari la mahudhurio, nikalikwangua lile neno jekundu kwa wembe hadi karatasi ikatoboka.

Jumamosi nilikwenda mjini kwa mwalimu wangu wa zamani wa hesabu. Alikuwa mzee mkali aliyetusimamisha kila asubuhi na kutuuliza hesabu za kichwa. Ukipatia unakaa, ukikosa unabaki umesimama mpaka kengele. Wengine tulijua kila ufa wa sakafu ya lile darasa. Nilimsimulia habari ya mama wa Kasokola. Alinisikiliza huku anafuta miwani yake.

"Amekariri," alisema. "Fumbo la kuku na mbuzi linazunguka nchi nzima. Watu wanaambiana vilabuni."

"Na lile nililolitunga mwenyewe, mwalimu?"

Alivaa miwani. "Jumatano nitakuja kumwona."

Jumatano alikuja kweli, kwa baiskeli, suruali ameibana kwa pini ya nguo, kofia ya kitambaa kichwani. Darasa lilijaa kuliko siku zote. Hata wasiosoma kisomo walikuja, wakasimama nje ya baraza kwenye jua. Mama alikuwa kwenye nguzo yake. Alipomwona mgeni aliinuka, akapiga goti kidogo kama walivyozoea, akakaa, akaendelea kusuka.

Mwalimu hakupoteza muda. "Mama, nakuuliza. Kuna mzazi na mwanawe. Leo umri wa mama ni mara tatu ya umri wa mtoto. Ikipita miaka kumi na minne, umri wa mama utakuwa mara mbili ya umri wa mtoto. Mtoto ana miaka mingapi leo?"

Nilianza kuhesabu na mimi. Nilijaribu kumi, haikukubali. Nilijaribu kumi na miwili, haikukubali. Mkono wa mama ulisimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona umesimama. Tulisikia njiwa juu ya bati la ghala, wanakwaruza kwa kucha.

"Kumi na minne," alisema. "Mama yake arobaini na miwili."

Mwalimu hakusema amepatia wala amekosa. Alikunja mikono kifuani. "Nieleze."

"Baba mwalimu, mama na mwana umbali wao haukui. Nikimzaa leo nimemzidi miaka kadhaa, nitamzidi hiyohiyo mpaka uzeeni. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Leo mama ni watoto watatu. Basi amemzidi mwanawe kwa watoto wawili. Siku ile ya mbele mama ni watoto wawili, amemzidi kwa mtoto mmoja. Lakini umbali ni uleule, haukui. Kwa hiyo huyo mtoto mmoja wa mbele ni sawasawa na wawili wa leo. Amekuwa maradufu. Na mtu aliyeongezewa kumi na minne akawa maradufu, alikuwa na kumi na minne."

Mwalimu alivua kofia. Alikuwa ametufundisha namna ya kulikokotoa fumbo kama hilo kwa hatua saba ubaoni, nasi tuliamini hakuna njia nyingine duniani. Niliona midomo yake inazirudia zile hesabu kimyakimya. Nami nilijisikia kama siku niliyopelekwa mara ya kwanza utotoni kuuona ukingo wa Ziwa Tanganyika, nikatafuta ng'ambo nisiione.

Kisha mama akaongeza, kwa sauti ya chini, akishika tena kazi yake: "Umbali haukui, isipokuwa mmoja asimame. Wangu alisimama kwenye miaka sita. Mimi nimeendelea. Leo angekuwa sawa na mwalimu wetu huyu."

Hakunitazama alipolisema hilo. Wanawake wawili wa mstari wa mbele waliinamisha vichwa, walikuwa wanajua. Mimi sikuwa nimejua. Miezi yote ile alikuwa anasimama kunipa heshima na kuniita mwalimu.

Mwalimu wangu alikaa kwenye gogo la wanafunzi, akaweka kofia gotini. "Sasa niulize wewe," alisema.

"Kitendawili."

"Tega."

"Fundi wangu hana rula wala kamba, vyumba vyake vyote ni sawa."

Mwalimu alitabasamu, nadhani kwa kupata nafuu, maana kitendawili hakina hesabu. Akasema mchwa na kichuguu. Mama akakataa: vyumba vya mchwa kila kimoja na umbo lake. Akasema buibui. Mama akasema buibui ana uzi, na uzi ni kamba. Akasema mnana, akasema panya, akasema hata mwashi wa matofali, watu wakacheka. Akafuta uso kwa leso.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

Ndivyo kanuni ilivyo. Aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji ana haki ya kuukataa.

"Nakupa Mpanda."

"Mpanda sina shamba."

"Nakupa Tabora."

"Sijui mtu huko."

"Nakupa Dar es Salaam na bandari yake."

Aliukataa huo pia kwa kutikisa kichwa, na watu wakacheka tena. Mwalimu akainua mikono. "Basi sema mwenyewe, mama. Unataka mji gani?"

"Nipe kule tulikokuwa," alisema. "Kabla hatujakusanywa hapa."

Kicheko kilikatika. Wengi waliokuwa pale barazani walikuwa wametoka huko, nusu siku kwa miguu ndani ya miombo. Walikuwa wamehamishiwa kijijini pamoja na mikeka na vyungu vyao, na porini wameacha nyumba zinaanguka moja moja. Mwalimu akasema polepole, kama mtu anayekabidhi kitu chenye uzito, "Nimekupa."

Mama aliweka ungo chini. Mwenye kupewa mji lazima aende, na lazima aseme amekuta nini. Aliyapeleka macho juu ya vichwa vyetu, upande wa magharibi.

"Nimekwenda. Nimekuta njia imeziba, nimepita hivyohivyo. Nimekuta kinu changu kimeota uyoga. Mafiga yangu yapo, yote matatu, hakuna aliyeyachukua. Mto bado unaongea. Nimefika nyuma ya nyumba, penye mawe madogo. Nimeng'oa majani. Nimekaa hapo nikapumzika. Nimewakuta wote hawajambo, wanawasalimu. Nimerudi."

Hakuna aliyepiga makofi kama ilivyo desturi. Mwanamke mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na mzee mmoja nje ya baraza akaitikia salamu zile kwa Kikonongo, neno moja tu, kama mtu aliyesalimiwa kweli.

"Na jibu?" mwalimu aliuliza, baada ya muda.

"Nyuki na masega yake, baba."

Mwalimu wangu aliinamia kofia yake. Mji mzima ulimjua kwa kufundisha maumbo, la pembe sita likiwemo, na asali alikuwa anakula kila asubuhi. Aliniambia hivyo mwenyewe nilipomsindikiza na baiskeli yake mpaka barabarani. Pale barabarani alisema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwake. "Miaka yote ile niliwasimamisha watu wa namna hii. Sijui ni wangapi." Akapanda baiskeli akaenda.

Kuanzia juma lile niligawa kazi. Kusoma na kuandika nilifundisha mimi. Kipindi cha hesabu nilimpa yeye. Mwanzoni alikataa, akasema mwalimu ni lazima ashike chaki, na chaki inamkausha vidole. Nikamwambia asuke tu, na sisi tutasikiliza. Akafundisha hivyo. Anatega fumbo, anangoja, na mtu akikosea hamwambii amekosa, anamwambia, "Umefika karibu, rudi kidogo." Alitufundisha kugawanya kwa safu za mwanzi, na kuzidisha kwa kupitisha mwanzi juu ya vipande viwili na chini ya kimoja. Sikuwa nimewahi kuona kwamba ungo, ambao nilikuwa nimepepetea mchele tangu utoto, umejaa namba kutoka ukingoni hadi katikati. Nilikaa kwenye gogo pamoja na wanafunzi wangu na daftari langu. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba, na siku nyingi nilikuwa wa mwisho kujibu.

Herufi nazo zilimjia, kwa njia yake. Kila neno nililoandika aliuliza lina maana ngapi, tukazihesabu darasa zima kabla ya kulisoma. Neno paa lilituchukua alasiri nzima, kwa sababu kijana wa Kisukuma aliongeza moja ambayo sisi wote tulikuwa hatujaifikiria, ya samaki kuparuliwa magamba, na mama akafurahi kuliko wote. Mtihani wa kisomo ulipokuja alipata hesabu zote, na kusoma akapata nusu. Hakufaulu hatua ile. Nililia, yeye akaniambia nusu si haba kwa mtu aliyeanza na sifuri.

Muda mfupi baadaye alikuja mkaguzi kutoka wilayani, bila taarifa. Alikuta mwalimu aliyetumwa na serikali ameketi na wanafunzi, na mbele ya ubao amekaa mama mmoja anasuka. Alisubiri kipindi kiishe. Nilijua nitafukuzwa. Aliniita pembeni.

"Nani anafundisha hapa?"

"Yule mama, bwana mkaguzi. Hesabu anafundisha yeye."

"Ana elimu gani?"

"Amekosa hatua ya kwanza ya kusoma."

Alinitazama kama ninamdhihaki. Nikamwomba amuulize fumbo lolote. Alimuuliza, nikaona uso wake unabadilika kama ulivyobadilika wangu, na wa mwalimu wangu kabla yake. Akauliza la pili. La tatu alilianza, akaliacha njiani, akacheka peke yake taratibu. Halafu alitoa fomu ya ukaguzi, akaandika, akafika mahali pa sahihi ya mwalimu wa somo. Akanitazama, akamtazama mama.

Mama alikuwa anaweza kuandika jina lake wakati ule, lakini polepole, na mkaguzi alikuwa na safari. Alifungua kile kidau cha wino alichobeba kwa ajili ya wanafunzi wasiojua kuandika. Mama akaweka ungo kando, akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi kwa utulivu, kisha akalifuta kwenye jani.

Nimefundisha hesabu shuleni kwa miaka mingi tangu hapo, na nimepitia rejista na fomu zisizo na idadi. Mwalimu aliyetia sahihi kwa dole gumba nimemwona huyo mmoja. Mkaguzi alipuliza wino ukauke, akakunja karatasi, akaenda zake Litapunga kukagua darasa lingine, nasi tukaendelea na kipindi kilichofuata.